Salamu ya Mkono wa Kushoto

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kunong'ona, na ndiyo maana niliikubali. Mimi si msemaji. Darasani kwetu sekondari nikiulizwa swali ninalolijua, jibu hupanda hadi kooni likakaa hapo hapo, mwalimu akachoka kusubiri akamgeukia mwingine. Lakini uskauti nilikuwa naujua, maana kundi la shule yetu lilikuwa la siku nyingi. Basi Kisarawe mjini walipotaka kuanzisha kundi lao la vijana wadogo, kiongozi wetu aliniita akaniambia niwe nakwenda kila Jumamosi kuwasaidia watu wazima waliojitolea. Nilidhani natakiwa kufundisha watoto, nikataka kukataa. Akasema hapana, watoto watajifundisha wenyewe. Kazi yako ni kukaa karibu na wale wakubwa na kuwakumbusha kunyamaza.

Maana kundi la skauti, likiendeshwa inavyotakiwa, ni la vijana wenyewe. Limegawanyika katika vikosi, kila kikosi kina kiongozi wake, mtoto kama wao, na viongozi hao hukaa baraza wakaamua kambi ipigwe wapi, nani amekosa, nani apande cheo. Mkubwa yupo kwa ajili ya moto, maji na nyoka. Mengine yote anatazama. Kwetu jambo hili ni kinyume kabisa. Kwetu palipo na wakubwa anayenyamaza ni mtoto, na akisema huulizwa amelelewa na nani.

Wakubwa wetu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya pale, mtu wa tai hata siku ya Jumamosi, mwenye hofu nyingi, aliyejitolea kwa kuwa uwanja ulikuwa wa shule yake na asingeweza kukataa. Wa pili alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye hakuna aliyemwomba. Alisikia tu kwamba kutakuwa na watoto na gwaride, akaja.

Mjomba alikuwa keya, askari wa jeshi la Mwingereza, wakati wa vita. Alikwenda Burma, akarudi na cheo cha koplo na mkono wa kulia uliokufa. Mkono wenyewe ulikuwepo, mzima kwa kuutazama, una joto kama wa mtu yeyote, ila ulining'inia tu kutoka begani. Lori lilipinduka huko milimani; zaidi ya hapo hakusema. Alikuwa akiutia mfukoni mwa koti, na koti hilo alilivaa hata kwenye jua la kiangazi, jasho likimtiririka shingoni.

Asiyekuwa wa kwetu huenda asione uzito wake. Mtu wa kwetu anakula kwa mkono wa kulia na kusalimia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haitajwi mbele ya chakula. Hakuna aliyemfukuza mjomba mahali. Imamu wetu mwenyewe alimwambia waziwazi kwamba mwenye udhuru hana lawama, ale na asalimie kwa huo alio nao. Mjomba mwenyewe ndiye aliyejiondoa. Kwenye shughuli, sinia likiletwa, daima alikuwa na jambo la kwenda kuangalia nyuma ya nyumba, akarudi watu wananawa. Msikitini alitoka mara sala ikiisha, kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Nyumbani mama alimwekea chakula chake pembeni, kwenye bakuli la kufunikwa, na sisi watoto tulijua kutopita upande ule mpaka amalize.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa na mambo ya kuwaeleza wale wakubwa, na moja nililiacha mwisho kwa aibu. Nikalisema nikiwa natazama viatu vyangu: skauti wakikutana husalimiana kwa mkono wa kushoto. Mwalimu akakohoa, akasema hilo itabidi tulifikirie polepole. Mjomba alinitaka nirudie.

"Wa kushoto?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Wote? Hata wakubwa?"

"Wote. Hata Gavana, kama ni skauti."

Alitazama uwanja muda, kama mtu anayehesabu mbuzi wake. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaniambia, haya, nisalimie. Nilikuwa sijawahi kushika mkono wa mjomba wangu tangu arudi vitani. Ulikuwa mgumu kama kipini cha jembe, nao haukutaka kuniachia.

Kuanzia siku hiyo Jumamosi zilikuwa na desturi yake. Watoto walijipanga mstari mmoja, skafu shingoni, wakapita mbele ya mjomba mmoja mmoja, yeye amesimama wima kama anakaguliwa, na kila mmoja akampa mkono wa kushoto na kusema, "Afande." Kila mmoja alimpa neno lake. Huyu alimwuliza, huu mkono au mlenda? Huyu alimwambia arudi kwao akale ugali kwanza. Kulikuwa na mtoto mmoja, mdogo kuliko wote, wa kikosi cha Kunguru, ambaye alifumba macho na kukamua kwa nguvu zake zote, na mjomba akapiga magoti vumbini akilia kwamba ameuawa, wamwite mkewe. Mkewe alikwishaachana naye siku nyingi, lakini watoto walicheka kila Jumamosi kama wanasikia mara ya kwanza. Sikuwahi kumwona akicheza hivyo nyumbani. Na hapo uwanjani koti alilivua.

Kunyamaza ndiko kulikompa taabu. Koplo ni koplo. Watoto wakibishana namna ya kukunja hema, ungeona shingo yake ikivimba amri. Nilikuwa namsogelea na kunong'ona, "Mjomba, waache wenyewe." Mwishowe alipata dawa yake: alikuja na mswaki, kijiti cha mti, na kila alipotaka kusema aliutia mdomoni akautafuna. Baraza la watoto likiwa refu mswaki uliisha wote ukabaki nyuzi.

Siku moja tulikwenda kupiga hema kwenye pori la upande wa Pugu. Viongozi wa vikosi walichagua mahali pazuri, kivulini, wakapigilia vigingi vyao. Mjomba akanitazama. Nami nilikwishaona: mstari wa siafu ulikuwa unakatiza majani hatua chache kutoka pale. Siafu si nyoka. Nikatikisa kichwa. Mjomba akautia mswaki mdomoni, akakaa juu ya gunia, akangoja. Watoto walikula, wakajilaza mchana, na haukupita muda hema lote lilitoka mbio likiwa limevua kaptura. Mjomba alicheka mpaka akalia. Baadaye baraza lilikaa kwa haraka na kuamua kwamba kabla ya hema kupigwa, mtu mmoja azunguke kwanza akitazama chini, na uamuzi huo waliushika kuliko lolote ambalo mwalimu aliwahi kuwaambia.

"Sheria yako hii tamu, mpwa wangu," mjomba aliniambia tukirudi. "Ingekuwepo Burma, mambo yangekuwa mengine."

Basi niseme lililotokea.

Karibu na mwezi wa Ramadhani imamu wetu alikuja uwanjani kutazama watoto. Baraza lao likaamua kumpa heshima ya mgeni, wakamvisha skafu. Mzee alifurahi, akaondoka nayo shingoni hadi kwake. Wakubwa tuliliona jambo dogo. Yule mtoto wa Kunguru hakuliona dogo. Kwake yeye aliyevaa skafu ni skauti.

Siku ya Idi, baada ya sala, watu walipanga mstari kumpa imamu mkono. Mtoto huyo alikuja na kanzu mpya na skafu yake juu ya kanzu. Nilikuwa nyuma yake kidogo. Zamu yake ilipofika alisimama wima, akafumba macho, akamnyooshea imamu mkono wa kushoto, mbele ya mji mzima.

Imamu alirudisha wake nyuma kabla hajajua anafanya nini. Hakuwa mtu wa hasira. Nadhani mkono ulijirudi wenyewe. Mtoto akabaki amenyoosha. Baba yake akamvuta kwa skafu kutoka kwenye mstari, na kibao cha kwanza kilisikika mpaka barabarani. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Ndiyo salamu ya chooni hiyo tunayofundishiwa watoto wetu." Nilimtafuta mjomba kwa macho. Alikwishaondoka, kama kawaida yake, kabla ya mikono. Sijui kama alisikia. Mji wetu si mkubwa.

Wiki ile wazazi walikwenda kwa mwalimu kwa zamu. Walisema ama salamu ile iachwe ama watoto wao hawaji tena, na wengine hawakusubiri jibu, walikwishawakataza. Jumamosi tulikuwa na watoto wachache sana uwanjani. Mwalimu alikuwa anavua na kuvaa miwani. Alisema yeye anatoa amri leo leo, salamu iwe ya kulia, mambo yaishe. Mjomba ndiye aliyemzuia. Alisema kundi ni la watoto, na baraza ndilo litakaloamua, kama tulivyoahidiana.

Nilimfuata hadi kwenye bomba la maji. Nilimwambia, kwa sauti ambayo nusu yake haikutoka, kwamba awaambie watoto basi. Wajue. Wale wamezoea kumwona anasalimia kwa kushoto kama wao, wamesahau kabisa kwamba hana mwingine.

"Ndiyo," alisema. "Wamesahau."

"Ukiwaambia hawataiacha."

"Nikiwaambia watanihurumia. Huruma ninayo ya kutosha kule nyumbani, mama yako ananifunikia bakuli." Akachagua mswaki mfukoni. "Na wewe usiwaambie. Kazi yako ni kuninong'oneza mimi, si wao."

Baraza lilikaa darasani alasiri. Viongozi wa vikosi kwenye madawati ya mbele, sisi wakubwa nyuma karibu na dirisha. Kiongozi wao mkuu alikuwa mtoto wa fundi cherehani, miaka kumi na minne, mwenye akili na mwenye haki. Nasema hivi ili mtu asimfikirie vibaya. Alimwita kwanza yule mdogo wa Kunguru aeleze, akaeleza kuhusu skafu ya imamu, na hakuna aliyecheka. Akamwambia hana kosa. Kisha akatoa hoja zake. Kwamba ahadi ya skauti inataka mtu awatii wazazi, na wazazi wamesema. Kwamba waliokatazwa kuja ni ndugu zao, na salamu haiwezi kuwa kubwa kuliko ndugu. Kwamba mkono si jambo. Skauti wa Kisarawe watasalimiana kwa kulia na watabaki skauti.

Kiongozi wa kikosi cha Chui aliuliza kama inaruhusiwa. Wakageuka nyuma kututazama. Mwalimu akanitazama mimi. Jibu lilipanda mpaka kooni. Nilimtazama mjomba, naye alikuwa anatazama nje dirishani, mswaki mdomoni, mkono wa kushoto umeushika ule wa kulia juu ya paja kama mtu aliyempakata mtoto wa jirani.

"Baraza ni lenu," mjomba alisema. "Amueni."

Wakainua mikono. Wote. Yule mtoto wa Kunguru hakuwa na kura, alikuwa amekaa sakafuni anafungua na kufunga fundo la kamba.

Jumamosi iliyofuata watoto walirudi, karibu wote. Nilimwomba mjomba asije, na alikuja. Alikuja na koti. Watoto wakapanga mstari wao, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuuondoa mstari. Walifikiria mkono tu. Wa kwanza alikuwa kiongozi mkuu. Alifika mbele ya mjomba, akapiga saluti, akanyoosha mkono wa kulia. Ukabaki hewani. Nikaona uso wa yule kijana ukibadilika, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Mjomba akautoa mkono wake wa kulia mfukoni. Aliutoa kwa kutumia wa kushoto, akaushika kifundoni, akaunyanyua, akauweka ndani ya kiganja cha mtoto. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya watu, tangu arudi.

"Afande," kijana alisema.

Hakujua namna ya kumaliza. Mkono usiokamata hauachii pia. Alisimama ameushika, anamtazama mjomba, mpaka mjomba mwenyewe akauondoa kwa mkono wake wa kushoto na kumwambia taratibu, haya, pita. Kisha mwingine. Alifanya hivyo kwa kila mtoto, akiunyanyua na kuushusha, bila neno la mlenda wala la ugali. Mdogo wa Kunguru alipofika hakufumba macho wala hakukamua. Aliugusa kwa ncha za vidole kama kifaranga. Mwalimu alikuwa amevua miwani na hakuivaa tena mpaka mwisho.

Jumamosi iliyofuata mjomba hakuja. Mama alisema amekwenda Ruvu kulinda mpunga wa shemeji yake, ndege mwaka huu ni wengi. Mpunga ulikuwa bado haujatoa hata shuke.

Kiongozi mkuu alinivizia nikienda shuleni. Alinisindikiza kipande kirefu, tukawa kama watu wawili wanaopeleka habari ya msiba. Mwisho akaniuliza, "Kaka, ulijua?" Nikasema nilijua. Akauliza kwa nini sikuwaambia. Nikasema alinikataza. Akapangusa uso kwa skafu. Alisema yeye alimwona Afande kila Jumamosi mwaka mzima, na hakuuona ule mkono, hakuuona kabisa, kaka, wallahi.

Baraza lilikaa tena. Sikuwepo. Waliamua kwamba Afande peke yake watamsalimia kwa kushoto, na mzazi asiyetaka aje aseme. Walikwenda wenyewe kwa imamu kumweleza, na imamu, nasikia, alisema wafanye hivyo na yeye atazungumza na wazazi. Kisha wakanituma mimi Ruvu.

Nilikwenda likizo ilipoanza. Nilipanda gari la moshi pale Pugu, nikashuka Ruvu, nikashika njia ya bondeni. Nilimkuta chini ya dungu lake, kile kichanja cha kuamia ndege, amekunja suruali anaziba mfereji wa maji kwa udongo. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo. Alifurahi kuniona. Alimwulizia mama, akaulizia masomo. Nikampa habari niliyotumwa, yote, bila kukwama; njia nzima ndani ya behewa nilikuwa naikariri.

Aliendelea kuziba mfereji wake. Nilidhani hakusikia.

"Mara ya kwanza waliamua vizuri," alisema baadaye. "Walikuwa na sababu, wakaisema, wakainua mikono. Niliwajivunia, mpwa wangu, ingawa ulikuwa mkono wangu wanaoukata. Sasa hii ya pili ni nini? Hii ni sadaka."

Nikamwambia watoto wanampenda.

"Najua. Ndiyo ubaya wake. Kila atakayenipa kushoto sasa atakuwa anaukumbuka wa kulia." Akachota tope jingine. "Niliwapenda kwa kuwa walikuwa hawauoni. Hilo baraza haliwezi kulirudisha. Waambie nimeshukuru. Waambie wasisahau kutazama siafu."

Ndege walishuka kundi zima kwenye shamba la jirani, mtu fulani huko akapiga debe, wakapaa. Mjomba aliwafuata kwa macho. Jua lilikuwa linaelekea kwenye minazi na gari la kurudi halingojei mtu. Nikamwambia naenda. Kisha, kwa kuwa ndilo jambo pekee nililokuwa nimeliamua mwenyewe na si baraza, nilimnyooshea mkono wa kushoto.

Aliutazama. Mkono wake ulikuwa na tope mpaka kiwikoni. Kwetu mtu akiwa na mikono michafu ya kazi hakupi kiganja, anakunja ngumi na kukupa kifundo cha mkono, nawe unakishika hapo, na hakuna anayeona vibaya wala anayehurumia, kila mkulima hufanya hivyo. Mjomba akakunja ngumi yake ya tope, akanipa kifundo. Nikakishika.

Ndoo ya maji safi ilikuwa miguuni pake. Angeweza kunawa.